Tulivyowapima Wapanda Baiskeli wa Njia ya Mitundu

Mguu wa mpanda baiskeli hautazamwi pajani. Hutazamwa chini, kwenye ule mshipa mnene wa nyuma ya kifundo. Hivyo ndivyo shangazi yangu, dada yake baba, alivyotufundisha tukisubiri maji, kiangazi kile ambacho visima vyetu vya mchangani vilitoa kata moja moja na hatukuwa na la kufanya ila kuwasema watu. Paja nene ni nyama tu, alisema, hata ng'ombe analo. Mshipa ule ndio unaomfikisha mtu Mitundu.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya askari wetu kurudi kutoka vita vya Bama. Pale Itigi palikuwa na tajiri mmoja aliyenunua asali na nta na kuzipakia kwenye garimoshi. Alitaka mtu mmoja wa kudumu, mwenye mshahara, wa kumletea nta kutoka Mitundu kwa baiskeli, na waliosifika kwa kazi hiyo walikuwa wanne. Akashindwa kuchagua. Basi akasema kwa majuma matatu wote wanne watakwenda na kurudi, mizigo sawa, na karani wa stesheni atatazama saa wakiondoka na wakirudi. Mwisho saa zote zitajumlishwa. Atakayetumia chache kuliko wenzake, kazi ni yake. Watu hawa hawakupanda baiskeli kwa maringo. Baiskeli ndiyo iliyokuwa jembe lao.

Kijiji chetu kilikuwa katikati ya njia hiyo, kwa hiyo walitupitia wakienda na wakirudi. Na mmoja wao alikuwa mchumba wangu. Ng'ombe walikwisha kufika zizini kwetu, imebaki siku ya arusi tu, lakini baba alisema mwanamume asiye na kazi hajengi nyumba. Akiipata kazi ya tajiri, tungeoana kabla ya mvua. Akiikosa, angepanda garimoshi pamoja na manamba kwenda kukata mkonge Tanga, huko ambako wengine walikwenda kwa mkataba mmoja na hawakuonekana tena. Kwa hiyo wenzangu walipocheka habari za mishipa na vifundo, nilicheka nao, lakini roho yangu ilikuwa juu juu.

Shangazi alianza na mrina asali wa Mitundu. Huyo aliendesha peku, na pedali zake hazikuwa na mpira, zilibaki vyuma vitupu. Nyayo zake zilikuwa ngumu kiasi kwamba miiba ndiyo iliyoumia. Tairi likipasuka hakuhangaika na kiraka wala solusheni: alilijaza majani makavu, akalifunga kwa kamba ya mti, akaenda zake. Mbung'o wa msitu ule, wanaowatoa machozi watu wazima, walimuuma yeye kama wanaouma gogo. Nilimstaajabia sana mtu yule na namstaajabia hata leo. Lakini shangazi alimtoa mapema. Alisema huyo akimsikia ndege wa asali analia porini atasahau tajiri, atasahau kazi, atamfuata ndege.

Wa pili alikuwa fundi wa baiskeli wa Itigi. Baiskeli yake iling'aa hata ukaona aibu kuitazama ukiwa umebeba kuni. Mnyororo ulipakwa mafuta, spoki zimenyooka, kengele inalia vizuri. Angeweza kulifungua gurudumu na kulirudisha huku anakueleza habari za Tabora. Sisi wasichana wote tulimpenda fundi, nisiseme uongo. Ila shangazi alikwisha kumwona kwenye mchanga mzito akishuka na kuibeba baiskeli begani ili isichafuke. Baiskeli gani hiyo, akauliza, inayombebesha mwenyewe?

Wa tatu alikuwa Keya mstaafu, askari wa zamani wa Mwingereza, aliyepigana Bama. Kwa umri alikuwa sawa na baba zetu wadogo. Akipita tulimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kupunguza mwendo, maana mkubwa hashuki kumwitikia mdogo. Hakuwa na mbio. Alikuwa na mwendo mmoja tu, asubuhi huo, jua la utosi huo, kwenye kituo cha mbung'o, ambapo kila msafiri alikaguliwa asitoke na wadudu hao msituni, alinyoosha mikono apigwe brashi na wavu kama yuko kwenye gwaride, kisha huo tena. Shangazi alimtazama kwa muda mrefu kuliko wote. Akasema mtu huyu hachoki, kwa sababu uchovu wake wote aliuacha vitani.

Wa nne ndiye wangu. Mwembamba, mrefu, asiyesema sana. Pale kwenye mchanga ambapo wenzake walishuka wakasukuma, yeye alipita kando kando kwenye nyasi, gurudumu la mbele likicheza kidogo tu, mzigo wa nta umetulia kwenye keria. Shangazi aliweka kata chini. Akasema huyu anaijua njia kwa makalio, na kwamba yeye ndiye wa kwanza na Keya ni wa pili, na anayebisha aje abishane naye. Hakuna aliyebisha. Nilijitwika mtungi nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi kana kwamba hauna maji.

Tulipima yote: miguu, matairi, mchanga, mbung'o, tabia. Kitu kimoja hatukukipima, nasi ndio tuliokijua kuliko watu wote. Kwetu mkwe hapishani na mama mkwe njiani. Akimwona mbele yake hushuka, huiacha njia, huingia porini na kugeuza uso, na hubaki huko mpaka mama aondoke. Nyumba ya mama yangu ilikuwa kando ya barabara ile ile.

Safari ya kwanza mchumba wangu alikuja wa kwanza, amewaacha wenzake mbali. Kijiji kizima kilitoka. Mama naye alitoka, amejifunika kaniki kichwani, akajificha nyuma ya wanawake wanene kwa sababu hakutaka kuikosa fahari ya mkwewe. Alidhani haonekani. Mchumba wangu alimwona. Akashuka, akaingiza baiskeli na mzigo vichakani, akatupa mgongo. Vichaka vya Itigi si mahali pa kuingia na baiskeli. Keya akapita, marahaba, marahaba. Fundi akapita akipiga kengele. Mama aliona haya, akakimbilia ndani, lakini furaha ilimzidi. Jioni ile alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba amepata mkwe.

Juma la pili mrina asali alifanya kama alivyotabiriwa. Akaingia msituni kumfuata ndege, akatoka na asali, akatugawia sote, akatangaza kwamba kwake mashindano yamekwisha na hana kinyongo na mtu. Fundi naye alishindwa na mchanga. Wakabaki wawili. Mama alijifungia ndani siku za kupita kwao, ila siku moja maji yaliisha, akatoka kwenda kisimani, akakutana na mkwewe uso kwa uso kwenye kona. Mara nyingine waliponea chupuchupu kukutana. Na kila alichopoteza kwetu mchumba wangu alikwenda kukifidia mbele, mpaka watu waliotoka Itigi wakasema saa za wawili hao zinakaribiana sana, na kwamba safari ya mwisho ndiyo itakayokata shauri.

Siku hiyo mama aliondoka asubuhi akaenda kwa dada yake, ng'ambo ya mbuga, ili asiwe kikwazo. Alifanya hivyo mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Mimi nilibaki uani. Watu walikuwa wametangulia kwenye kilima cha mbele ili waone vizuri, kwa hiyo nilikuwa peke yangu alipotokea, kifua kimelowa, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mbele. Keya alionekana nyuma yake, mdogo, na ule mwendo wake mmoja.

Alipofika mwanzo wa ua wetu alishuka. Akaanza kuikokota baiskeli, uso ameugeuzia msitu.

Msichana hamsemeshi mchumba wake barabarani. Nilimsemesha.

"Mama hayupo," nikamwambia. "Panda."

Hakugeuka. "Nyumba yake ipo," akasema, akaendelea kutembea.

Ua wetu ulikuwa mrefu, baba alikuwa na mifugo. Alitembea wote, taratibu, kama anapita mbele ya watu. Keya alimkuta mwisho wa ua akiwa ndiyo kwanza anainua mguu. Na mzee yule, nisimnyime haki yake, aliona kinachofanyika, akatoa mkono mmoja kwenye usukani akampigia saluti. Kisha akapita. Kuanzia hapo hadi Itigi njia ni ngumu na nyembamba, na Keya hakuwa mtu wa kumpata tena. Alishinda kwa haki, akaifanya kazi ile ya nta kwa uaminifu mpaka alipozeeka.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia nyumba yetu na fito zake zote. Na ndani ya hasira hiyo, nikiwa nasaga mtama kwa nguvu isiyohitajika, nilijua kwamba sijapata kumwona mtu kama yule, na kwamba wengine wote watatu niliowasifu nilikuwa nawasifu kwa miguu yao tu.

Garimoshi la manamba liliondoka Itigi muda si mrefu baadaye. Nilipewa ruhusa ya kwenda kumuaga, shangazi anisindikize. Mama akasema naye anakuja, atasimama mbali. Hakuna aliyemkatalia, maana alikuwa amelia siku nyingi akisema ni yeye aliyemfukuza mkwewe. Baadaye mchumba wangu alirudi, akanioa, tukazeeka pamoja. Lakini siku ile sikulijua hilo, na waliokuwa kwenye behewa lile wengi hawakurudi.

Nilimwona dirishani ananitafuta. Alitazama huku na huku juu ya vichwa vya watu, nami nikanyanyua mkono, na uso wake ukaanza kugeukia upande wangu. Hapo akamwona mama, kule mbali, nyuma ya tangi la maji, na kaniki yake kichwani. Akageuka upande wa pili. Garimoshi likapiga filimbi likaondoka, nami nikaona kisogo chake kikienda mpaka behewa likapotea kwenye vichaka.

Mama alilia kwa furaha njia nzima ya kurudi, akisema hakuna mwanamke nchi ile aliyewahi kuheshimiwa hivyo. Mimi nililia kwa sababu zangu.