Mwimbaji wa Peke Yake wa Nguvumali

Enzi zetu za kanda, sisi watoto wa Nguvumali, Tanga, hatukuwa na simu ya kutuchagulia nyimbo. Tulikuwa na redio kaseti moja, kalamu ya kurudishia mkanda, na mjomba wangu aliyekuwa akiishi Uingereza. Ndiye aliyetuletea, alipokuja likizo, kanda ya bendi ya vijana wanne wembamba wa huko, na mwimbaji wao akilalamika kana kwamba dunia imemdhulumu yeye tu. Kiingereza hatukijui, tukaimba vivyo hivyo. Bibi akipita na sinia la bajia husimama mlangoni: "Huyu mwana kafiwa na nani? Tangu juzi analia, wala hamumpi pole!"

Tukaunda bendi yetu. Saidi alipiga ndoo, Mwanaidi gitaa la galoni lenye nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki, nami niliimba, kwa kuwa redio ilikuwa ya kwetu.

Mwaka uliofuata mjomba akaja na kanda nyingine. Sauti ni ileile, ila kwenye jalada picha ni ya mtu mmoja. Bendi imevunjika, akatuambia, mwimbaji sasa yuko peke yake. Basi kichwa kikanivimba. Nikawatangazia wenzangu kwamba siku ya wazazi shuleni nami nitaimba peke yangu. Mwanaidi alinitazama, akasema, "Haya, kaimbe," akachukua galoni lake akaenda zake.

Siku ikafika. Nikapanda jukwaani, nikafumba macho, nikalalamika kwa Kiingereza changu cha kubuni. Bila ndoo wala gitaa, kilikuwa kilio kitupu. Nilipomaliza, Bibi akainuka mstari wa mbele, akanishika mkono: "Pole, mwanangu. Ndiyo kazi ya Mungu." Na akina mama waliokaa nyuma yake, kwa adabu zao za Kitanga, wakapanga foleni kunipa mkono wa pole mmoja mmoja! Saidi alicheka hadi akakaa chini. Mwanaidi hakucheka.

Nilikusudia kumwomba radhi. Nikaona haya, leo kesho, leo kesho, mpaka kwao wakahamia Mombasa.

Wanangu siku hizi wameziba masikio, kila mmoja na wimbo wake, sebule nzima kimya. Nikiwaambia kanda moja ilitosha mtaa mzima, wananiuliza kanda ni nini. Juzi mmoja wao akanitafutia nyimbo zile kwenye simu, za bendi na za mwimbaji alipobaki peke yake. Hizi za mwisho ni nzuri, sikatai. Lakini mimi hurudia za bendi, nikiimba nazo, na zamu ya gitaa ikifika, bado nanyamaza kumpisha Mwanaidi.