Mama Asiyekaa Kiotani

Mdogo wangu wa kike tunamwita Pasi, maana ujana wake wote ameumaliza akinyoosha mashuka kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hoteli. Siku hizi amestaafu, anafuga sungura nyuma ya nyumba yetu. Nayaandika haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Sungura wake wa kijivu alizaa. Watoto walikuwa uchi kama vidole, macho yamefumba, masikio yamelala. Mama yao alijinyofoa manyoya ya kifuani akawafunika, kisha akaenda zake pembeni ya banda kutafuna majani kama asiyewajua. Ndivyo sungura alivyo, haatamii kama kuku. Anaingia kiotani alfajiri, ananyonyesha upesiupesi, anatoka, asije akamwonyesha adui walipo.

Basi kaka yetu, mkubwa kwa Pasi na mdogo kwangu, akaja kututembelea. Pasi alikuwa ametoka kutafuta majani, mimi nimejilaza na miguu yangu mibovu. Bwana mkubwa akachungulia bandani, akamwona mama kule, watoto huku. Hakuuliza mtu. Akawazoa wote, akawaweka kwenye beseni langu sebuleni, juu ya saruji baridi, akaanza kuwamiminia maziwa ya ng'ombe kwa kijiko.

Pasi aliporudi alikuta mmoja anatokwa na maziwa puani.

"Unafanya nini, kaka?"

"Nawaokoa! Mama gani yule? Amewatupa, anakula tu."

"Nani kakwambia amewatupa?"

"Mimi nina macho."

"Basi ungeyafumba kama wao, ukasubiri wakati wake!"

Yule mmoja alimfia kiganjani. Waliobaki walikuwa baridi kama kokoto. Pasi akawatia ndani ya blauzi yake, akakaa nao mpaka walipoanza kuchezacheza, ndipo akawarudisha kiotani na kuwafunika manyoya.

"Hatawapokea," kaka akasema. "Wananuka mtu."

"Harufu yangu anaijua kuliko unavyonijua wewe."

Hapo damu ikanichemka, kwa sababu mimi sisahau. Pasi alipojifungua, kiwanda hakikumpa likizo. Saa ya chakula alikuwa anakimbia nyumbani, sare imelowa maziwa kifuani, ananyonyesha bila hata kukaa, anarudi mbio kwenye pasi zake. Na huyu huyu kaka akazunguka ukoo mzima akitangaza kwamba amemtupa mtoto. Mama mkwe wake akaamini. Akaja akamchukua mtoto, akamlea kwa uji, na mdogo wangu akabaki anakamulia maziwa yake kwenye sinki la kiwandani. Hakuna aliyemwomba radhi hadi leo.

Kaka hakuondoka. Alilala kwenye kochi, na asubuhi akatufuata bandani, ametanguliza shingo kama bata. Pasi akafunua manyoya. Matumbo yalikuwa yametuna, ngozi nyembamba mpaka maziwa meupe yanaonekana ndani. Mama yao alikuwa pembeni, anatafuna.

"Wamenyonya?" kaka akauliza.

"Wamenyonya," Pasi akamjibu bila kumtazama. "Na wangu alikuwa ananyonya, kaka."

Kaka akanigeukia mimi.

"Dada, nawe sema neno."

Nikasema, "Beseni langu ulioshe kabla hujaondoka."