Raketi Nyeusi ya Baba

Leo nimemdanganya kocha mara tatu, na baba alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nilipoanza kushinda mechi za padel, mchezo unaofanana na tenisi, baba alininunulia raketi nyeusi, nzito, ya wachezaji wa nguvu. Alifurahi kuliko mimi.

Sikuweza kumwambia kwamba tangu siku hiyo kiwiko kinaniuma. Hata kalamu naishika kwa shida.

Leo kocha aliweka raketi zingine mbili kando ya yangu. "Jaribu zote, uchague ya mechi ya Jumamosi."

Kulikuwa na moja ya mviringo, nyepesi. Mpira ulienda nilikotaka. Karibu nilie.

"Mkono uko sawa?" kocha akauliza.
"Uko sawa."
"Hakuna pahali panauma?"
"Hakuna."
"Na hii nyeusi, unaipenda?"
"Sana."

Nikaichukua nyeusi kuthibitisha. Vidole vikaiachia, ikaanguka.

Uwanja mzima uligeuka. (Wote. Hata mama wa chai.)

Baba akaiokota. Nilifunga macho.

"Cherono, hii kitu ni nzito," akasema polepole. "Hata mimi bega linaniuma wiki nzima."

Kumbe kila asubuhi, akishamaliza kukamua ng'ombe, anaichukua raketi yangu na kupiga mpira kwa ukuta wa stoo!

Nimechagua ya mviringo. Nikadhani hofu imeisha.

Kwa gari akakohoa kidogo. "Kocha anasema mnacheza wawili wawili, na wewe huna mwenzako Jumamosi. Nimemwambia aandike jina langu."

Kuna mtu hapa amewahi kucheza na babake mbele ya watu?

Niambieni ukweli. Ameshaanza kutafuta kaptura.