Spika ya Besi Yajaribiwa kwa Kinanda

Chausiku alipofika dukani kwa Aliasgar, alikuta spika za besi ambazo kikundi chao kilitaka kununua zinajaribiwa kwa kinanda.

Alisimama mlangoni, kati ya feni na masufuria yaliyopangwa kwa ukubwa, akatazama. Ashrafu, mpiga kinanda, alikuwa ameegesha kinanda chake juu ya kaunta, mkono wa kushoto ukibonyeza sauti za chini. Seleman, mwenyekiti wa kikundi chao cha taarabu cha Fahari ya Dunda, alikuwa amefumba macho, kichwa kikimtikisika kama mtu aliyeonja pilau likamkolea. Vifuniko vya masufuria vililia rafuni.

"Dada Chau, shikamoo," Ashrafu alisema, mkono ukiwa pale pale.

"Marahaba. Toa mkono."

Akautoa.

"Umekuja wakati mzuri," Seleman alisema. "Tumeshachagua. Hizi mbili, kila moja ina spika nne ndogo ndani. Ndefu, nyembamba, zina taa kwa mbele. Tutazisimamisha huku na huku, kama nguzo za mlango. Kwenye video zitapendeza na sare."

Habari za sare Chausiku alizijua, maana yeye ndiye aliyezishona, kwa cherehani yake kibarazani. Kikao cha rangi ya sare aliitwa. Kikao cha mshono aliitwa tena. Habari za spika aliletewa na mteja aliyekuja kupunguza gauni.

"Mmechagua spika ya besi," alisema taratibu, "bila gitaa la besi."

"Sauti ya chini ni sauti ya chini, dada yangu."

"Nikitaka kukushonea kanzu, Mwenyekiti, nimpime Ashrafu?"

Aliasgar alicheka, kisha akakumbuka kwamba yeye ni mwenye duka, akakohoa.

Hasira hiyo haikuzaliwa dukani. Ilianzia Makurunge, kwenye harusi ambako spika yao ya zamani ya besi ilichanika katikati ya wimbo, gitaa lake likazimika. Kina mama walikuwa wamekwisha inuka kwenda kumtunza mwimbaji, na Ashrafu akaiokoa besi kwa mkono wa kushoto. Chausiku mwenyewe alimshukuru. Lakini harusi iliyofuata hakuna aliyetaja kutengeneza spika, na ile ya baada yake alipewa kayamba. Mwanamke aliyefundishwa besi na marehemu kaka yake Amin, akapiga mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama kwato, mwanamke aliyekuwa na kikundi tangu kinaazima maikrofoni kwa wenye harusi, aliketi na waitikiaji akatikisa kayamba. "Ni kwa muda tu," Seleman alimwambia. Akatikisa huku akitabasamu, kwa kuwa mpiga video alikuwa mbele yake. Sasa Jumamosi walikuwa na harusi Kiwangwa. Spika ikinunuliwa ya kumfaa mpiga kinanda, mkono ule wa kushoto hautamrudishia kiti chake.

"Lile pale," alisema, akionyesha boksi jeusi, pana, lenye spika moja ya inchi kumi na nane. "Hilo ndilo la besi. Na yote yajaribiwe nje. Humu ndani kuta na masufuria vinawasaidia. Sisi tunapiga chini ya turubai. Turubai lina kuta?"

"Unataka tuaibike barabarani?"

"Aibu yangu mimi mliipiga video, Mwenyekiti."

Aliasgar aliinua mikono. "Nje sawa, Bi Chausiku. Lakini baada ya sala ya alasiri. Msikiti ule pale."

Muda huo Chausiku aliutumia kupanda bodaboda kwenda kuchukua gitaa.

Baada ya sala, maboksi yalipangwa barazani, yakitazama barabara. Ng'ambo, Bi Adila alikuwa akikaanga mihogo, mbali na baraza kama wapishi wanavyokuwa mbali na wapigaji harusini.

"Bi Adila!" Chausiku aliita. "Leo wewe ndiye mpishi wa harusi. Sema unachosikia."

Alianza na boksi lake kubwa. Sauti ilimwingia tumboni, naye akamtupia Seleman jicho.

"Vipi huko?"

"Nasikia lori la miwa limewashwa!" Bi Adila alijibu. "Wimbo wenyewe unakuja saa ngapi?"

Vijana wa bodaboda waliangua kicheko. Chausiku alirekebisha sauti kwenye amplifaya, akapanda noti moja baada ya nyingine.

"Sasa lori linapanda mlima!"

Alishuka barazani hadi waya ulipomkatalia, akasikiliza. Kweli. Noti zilikuwa zimegandana kama ugali uliolala. Uso ulimwaka moto, akachomoa waya.

Zile ndefu, zikiwa huku na huku kama Seleman alivyotaka, zilitoa sauti ya kukwaruza isiyo na mwili. "Zipandishe moja juu ya nyingine, sauti ikusanyike," Chausiku aliamuru. "Na hizo taa zimeni, zinanikera." Ashrafu akafanya. Chausiku akapiga. Ng'ambo, kijiko cha Bi Adila kilianza kugonga ukingo wa karai, kikifuata.

"Huo! Huo naujua! Si ule wa kumtoa bibi harusi?"

Seleman alifumbata mikono kifuani, amejaa kicheko. "Si nilisema? Ndizo nilizochagua mimi!"

Hapo ndipo Chausiku alipochemka kweli, kwa sababu mtu huyu alikuwa amepatia.

"Ulichagua taa," alimwambia. "Ungekuta friji lina taa za rangi ya sare ungenunua friji. Mimi nimekosea kuhusu lile kubwa, nimekosea mbele ya Dunda nzima, na nimelisikia kosa langu kwa masikio yangu. Wewe umesikia nini? Hata kuzipandanisha usingezipandanisha."

"Kwenye picha zitaonekana zimekaa upande mmoja."

"Basi mpiga picha ahame."

Seleman alimtazama Aliasgar, Aliasgar akayatazama masufuria yake. Mwishowe mwenyekiti alisema, kama anayemwambia mtu mwingine, kwamba haya, zichukuliwe hivyo hivyo, na zipandane.

"Kwa hiyo Jumamosi, dada," Ashrafu aliuliza kwa sauti ndogo, "mimi besi nisiishike?"

Chausiku aliingiza mkono kwenye mfuko wa gitaa, akatoa kayamba, akamkabidhi. "Hili hapa. Mkono wa kushoto ukikosa kazi."

Ashrafu alicheka mpaka akaketi juu ya lile boksi kubwa. Seleman hakucheka. Chausiku naye hakucheka. Alikuwa akikunja waya wake, kiti amekipata, na hakuna aliyekuwa amemwomba radhi.