Mlio wa Mtama Ndani ya Kihenge

Mtama ukiungua ndani ya kihenge haulii kama moto. Unapasuka. Kwanza punje moja moja, pa, pa, kama mtu anagonga ngozi kavu kwa kucha, halafu zote kwa pamoja. Niliusikia nikiwa juu ya lori, mimba ya miezi saba, siku tuliyohamishwa kwa nguvu kupelekwa kijiji cha ujamaa huku upande wa Kibara.

Kusoma nimejifunzia ngumbaru, ukubwani, sijui kuzungusha maneno. Majina wanangu wamenikataza kuandika, vyeo hawajanikataza. Aliyetoa amri ni katibu wa tawi. Aliyemwaga mafuta ya taa ni kamanda wa mgambo. Aliyewaonyesha nyumba ni balozi wetu wa nyumba kumi, mtu ambaye alikuwaga anakula kwangu. Mume wangu alimkaba balozi shingo. Wakampiga, wakamfunga kamba, wakampeleka mahabusu Bunda. Katibu siku hizi anakaa Buhare, ni mzee wa kanisa, na akinikuta sokoni ananiita dada.

Baba mkwe wangu alikuwa mpiga litungu, lile zeze kubwa la nyuzi nane za mishipa ya ng'ombe. Kwenye lori alilipakata kama mgonjwa. Tulipofika kijijini hakuimba tena. Kila asubuhi alikuwa anakaa mlangoni, anazima nyuzi kwa kiganja cha kushoto, na kwa kucha za kulia anagonga ngozi ya litungu. Pa. Pa. Ulikuwa mlio ule ule wa kihenge. Jirani alikuja kumsihi.

"Mzee, acha basi. Watoto wangu wameanza kukojoa kitandani."

"Hata mimi nakojoa," akamjibu. "Kila mtu aanike shuka lake."

Mwezi wa pili tangu tuhamie, katibu akaja mwenyewe.

"Mzee, keshokutwa tuna mgeni mkubwa kutoka Musoma. Utapiga."

"Vidole vimekufa."

"Vitafufuka. Ukipiga, kijana wako anarudi. Usipopiga, mimi habari zake sizijui." Akanitazama tumbo. "Na upige kwa desturi. Utaje waliofanya kazi."

Hapo alikosea. Kwetu mpiga litungu kwenye sherehe anamtaja kila mtu na kazi yake: aliyetoa dume, aliyepasua kuni, aliyewasha moto. Haruki mtu. Katibu alizaliwa huku huku, desturi aliijua, ila cheo kilimfanya aone kutajwa ni kusifiwa tu.

Siku ikafika. Mgeni alikaa chini ya turubai, katibu pembeni yake. Baba mkwe akaanza kwa lugha yetu, sauti tamu kabisa. Akamtaja aliyeziandika nyumba zetu zichomwe. Akamtaja aliyezinyooshea kidole. Akamtaja aliyebeba debe la mafuta, na aliyewasha kiberiti. Kwa majina yao na ya baba zao. Kisha akazima nyuzi kwa kiganja, akaanza kugonga kwa kucha.

Mama mmoja mbele yangu alivuta kanga, akamfunga mtoto mgongoni haraka haraka, akasimama, akawa anageuka huku na huku. Mwenzake akamvuta kwa sketi, "Kaa, hakuna kitu, kaa." Hakukaa.

Mgeni lugha yetu haijui. Akamwinamia katibu. "Huo mlio ni wa nini?"

Katibu alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kola. "Mvua, ndugu. Wanashukuru mvua waliyoipata tangu wahamie."

Watu wakaguna. Mgeni hakuwa mjinga. Akainuka, akamfuata mzee pale alipokaa.

"Shikamoo mzee wangu. Ni mvua kweli?"

Litungu likanyamaza. Kamanda wa mgambo alikuwa nyuma ya mgeni, kidole gumba ndani ya mkanda. Baba mkwe hakumtazama mgeni wala kamanda. Alinitazama mimi. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawatazamani machoni, ni aibu kubwa. Miaka minne nilikuwa ninampa chakula nimegeuza uso. Siku ile alinitazama mbele ya watu wote, akangoja. Na mimi nikainamisha kichwa: kubali.

"Ni mvua," akasema kwa Kiswahili.

Mgeni akapiga makofi, na wa meza kuu wakapiga. Watu wetu wakaondoka bila kutuaga. Jirani yule wa mashuka alipopita akasema, "Ahsante kwa mvua, mzee."

Katibu alitimiza. Mume wangu alirudi Jumanne kwa miguu, kuanzia Manyamanyama kule Bunda, meno mawili hana. Maneno yalikuwa yamemfikia njiani. Hakunawa mikono kwanza.

"Baba, ni kweli ulisema mvua?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele yao."

"Ungesema ukweli tu. Mimi kule ndani nilishazoea."

Nilikuwa nimeshika sahani ya dagaa. Nilingoja mzee aseme nani alimwinamishia kichwa. Alikuwa na haki hiyo.

"Mkamwana," akasema, macho yake chini kama zamani, "mletee mumeo maji."

Hakusema siku ile, na hakusema mpaka anakufa. Mume wangu alimzika bila kumlilia. Nilikuwa nimesimama hapo hapo kaburini, mdomo ninao, na sikusema.