Gari la Kumpeleka Mama Akeri

Harufu ya mafuta ya taa ikinipitia puani, hata ikitoka jikoni kwa jirani, huiona meza ya nyumbani kwetu Sekei, na juu yake kabureta ya gari la baba ikioshwa kwa mafuta hayo, vipande vipande kama kuku wa sikukuu.

Lilikuwa gari la mbio la kizamani, jekundu, viti viwili, halina paa. Baba alilikuta kwenye ghala la shamba la kahawa, kuku wakitagia ndani. Alilitengeneza mwenyewe kila Jumamosi: plagi akazisugua kwa msasa, gasketi akazikata kwa mkasi wa mama wa kushonea. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na chai, kazi niliyoiweza tangu utotoni. Mpaka leo mimi ni mtu wa kukaa; nikifika Themi tu, hapo jirani, naona nimesafiri.

Mwaka ule mama aliugua, akaishiwa nguvu hata za kumenya ndizi. Alitaka kitu kimoja: kwenda kwao Akeri kumwona bibi. Teksi aliikataa.

"Nitapanda hilo hilo jekundu lako," alimwambia baba. "Nipite mbele ya kanisa na kilemba changu, wanione wale waliosema nimeolewa na mwokota vyuma."

"Jumamosi hii, Mama Neema," baba alijibu. Kila wiki.

"Ungekuwa unapika loshoro, Baba Neema, si tungeshakufa njaa!"

Asubuhi moja, mama akiwa amelala ndani, gari likawaka. Likanguruma vizuri kabisa. Baba alisimama akilisikiliza, kisha akalizima, akachukua spana na kuifungua tena kabureta.

Mimi, kwa akili zangu za darasa la nne, nikaona huyu fundi hana ufundi. Nikakimbilia chumbani kumshtaki.

"Mama! Gari limewaka, halafu baba kalifungua tena!"

Mama alikuwa macho. Akaniwekea kidole mdomoni.

"Nimesikia. Usimwambie." Kisha akapaza sauti dirishani, "Baba Neema! Bado tu?"

"Bado kidogo, mke wangu. Jumamosi ijayo."

Akeri hakufika. Bibi ndiye aliyeshuka Sekei, kuja kumzika.

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu habari za ufundi wa baba, tukacheka. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba ile ilikuwa safari ya kuaga, na kwamba wote wawili, mmoja nje na mmoja kitandani, walikuwa wakiichelewesha, kila mmoja akidhani anamficha mwenzake.