Mpishi wa Treni Anataka Dirisha

Mume wangu alipika kwenye treni ujana wake wote. Treni yenyewe ilikatiza pori la wanyama. Abiria wanapiga kelele, "Tembo! Tembo!" na yeye kainamia sufuria, dirisha la jikoni limeziba kwa masizi na mafuta. Akiulizwa habari za pori, hujibu, "Tembo namjua kwa kelele za abiria." Watu hucheka. Yeye hacheki sana.

Sasa kastaafu, na macho yanamwishia. Si mtoto wa jicho, useme atatolewa. Daktari alisema ugonjwa huu hauna kurudi nyuma. Mzee akaniapisha watoto wasijue.

"Wataanza kunishika mkono kwenda chooni," alisema.

Nikaapa. Mimi nikiapa, nimeapa.

Basi siku moja binti yetu, fundi cherehani, akaja kafurahi. Yeye na kaka zake wamechanga, baba yao apelekwe kutembea porini kwa treni. Akatandaza picha mezani, katikati ya vikombe vya chai.

"Nimechagua hii ya vitanda. Mnalala raha mustarehe, asubuhi mmefika hotelini."

"Porini inapita saa ngapi?" nikauliza.

"Usiku, Mama. Lakini hoteli ina bwawa la kuogelea!"

"Nani aogelee, mimi?"

Mzee akaisogeza picha mpaka puani. "Nzuri sana," akasema. Ungempa picha ya ukuta angesema hivyo hivyo.

"Hatuitaki," nikasema. "Tunataka ile ya mchana. Na tunaenda wiki ijayo."

"Ya mchana viti vyake ni mbao! Mgongo wa Baba je?"

"Mgongo wake unauvaa wewe?"

"Na wajukuu? Tulisema twende wote shule zikifungwa."

"Wajukuu wana siku nyingi za kuona." Nikajiuma ulimi hapo hapo.

Binti hakushtuka. Alikuwa anakusanya picha zake kwa hasira. "Mama, kila jema lazima ulitie mkono mpaka liharibike."

Nikamtazama mzee, nikingoja neno moja tu la kunitetea. Anakoroga chai ambayo sukari yake iliyeyuka zamani.

"Waambie kaka zako mama yenu mkaidi," nikasema. "Tiketi ni ya mchana."

Akatukatia hiyo ya mchana. Stesheni kutusindikiza hakuja, na simu yangu hapokei hadi leo.

Nilimkalisha mzee dirishani. Tulipoingia porini nikaanza, "Twiga wale, mzee, kushoto kwa ule mti mkubwa, wana mtoto..."

"Nyamaza, mke wangu." Paji lake limegusa kioo. "Ujana wote nilisimuliwa. Niache nitafute mwenyewe."

Nikanyamaza, mimi ambaye hata mama mkwe alishindwa kuninyamazisha. Twiga wakabaki nyuma, mti ukabaki nyuma. Yeye anatafuta tu, anafuta kioo kwa mkono wa shati, na kioo ni kisafi.